Mkono Wangu Mgongoni mwa Mzee Eliakimu

Ijumaa, 20 Juni 2025

Basi la asubuhi kutoka Dodoma mpaka Mpwapwa, kisha bodaboda hadi kijiji cha chini ya mlima. Ofisini wamenicheka – wenzako likizo wanakwenda Zanzibar, Joha unakwenda kutazama nyani. Si nyani. Ni mbega.

Huku chini nyasi zimekauka, vumbi mpaka kwenye kope. Juu, mlima umefunikwa na wingu. Kiongozi wangu ni Mzee Eliakimu, miaka sitini na nane. Nimemwamkia, akaitikia huku akikagua viatu vyangu. Amesema msitu ule wa juu mlimani ni kisiwa, na bahari yake ni hili vumbi.

Jumamosi, 21 Juni

Saa tano za kupanda. Halafu ghafla – baridi, ukungu, miti ina ndevu za kijani, maji yanadondoka na wala hakuna mvua. Mbega wanne! Hondohondo wawili, mabawa yanavuma kama mtu anapepeta. Kinyonga mdogo kuliko kidole changu cha mwisho. Mzee anasimama, anaonyesha kwa kidevu, ndipo na mimi naona. Peke yangu ningepita kama kipofu.

Jumapili, 22 Juni

Mzee amevunjika mguu.

Hapa nitaandika ilivyokuwa, kwa sababu kwingine sikusema. Tulikuwa kwenye kijia chembamba juu ya korongo, yeye mbele, mimi nyuma. Kichakani nyuma yangu kitu kikakoroma. Nikajua chui. Nikakimbia. Njia ni ya mtu mmoja. Mkono wangu ulimgusa mgongoni – hapana. Ulimsukuma. Nikapita, yeye akaenda chini.

Alikuwa nguruwe pori na watoto wake. Wakavuka, wakaenda zao.

Nilipomfikia, neno lake la kwanza lilikuwa kuniuliza kama nimeumia.

Nilimfunga mguu kwa khanga na vijiti. Simu ilishika mtandao, vijana wa kijiji wakapanda na machela. Wakauliza imekuwaje. Nikasema ameteleza. Mzee akanitazama. Kisha akasema, "Ndiyo. Nimeteleza."

Jumatano, 25 Juni

Mkonze, Dodoma, nyumbani. Nimetuma picha za mbega kwenye grupu letu la watazama ndege, na habari kwamba mzee aliteleza. Wananiita shujaa. Mwenzangu Debora amesoma ujumbe wangu kwa sauti ofisini, watu wakapiga makofi. Nikasema asanteni.

Nilisema asanteni.

Jumamosi, 5 Julai

Nimekwenda kumjulia hali. Ametoka hospitali, mguu uko kwenye plasta, amekaa barazani. Binti yake Paulina alinikumbatia. "Dada Joha, bila wewe tungemzika baba." Chai, viazi vitamu. Nikala.

Halafu Paulina akaniambia. Kamati ya msitu inataka kumwondoa kwenye kazi ya kuongoza wageni, hata akipona. Wanasema miguu imezeeka, ameanza kuteleza, siku moja ataua mtu. Miaka thelathini na moja kwenye kazi ile, Paulina anasema, hajawahi kuanguka. Kikao ni Jumanne. Ameniomba nije niwaeleze jinsi baba yake alivyo makini.

Mzee alikuwa anasikia yote. Alitazama mlima. Nami nikasema nitakuja. Wakati wa kuondoka Paulina alinipa mfuko wa karanga. Niliupokea kwa mikono miwili.

Jumapili, 6 Julai

Sijalala vizuri. Karanga sijazigusa.

Jumanne, 8 Julai

Niko kwenye benchi nje ya ofisi ya kijiji. Kikao kimeanza. Mzee Eliakimu ameletwa kwa bajaji, amekaa hapa pembeni yangu na magongo yake.

Nimemwambia kwa sauti ya chini: mzee, wewe hukuteleza.

"Najua, binti. Mgongo unatambua mkono wa mtu."

Nikauliza kwa nini basi alikubali mbele ya wale vijana. Akalaza magongo yake chini ya benchi.

"Ulikuwa unatetemeka. Nikasema nimpe siku moja apate pumzi, kesho atasema mwenyewe." Akasogeza plasta yake kidogo. "Umechukua kumi na sita."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angekasirika.

Nimeshindwa kumtazama, ndiyo maana naandika. Kupitia mlangoni naona watu kama ishirini. Mwenyekiti, Bwana Gerson, anawaambia kwamba mama wa Dodoma aliyemwokoa mzee yupo, na atasema machache. Wanapiga makofi. Ameita jina langu. Sasa ameita tena.

Paulina amegeuka, ananitafuta kwa macho. Ameondoa mkoba wake kwenye kiti cha jirani, anakipangusa vumbi kwa kiganja ili nikae. Nafunga daftari, nasimama.