Moyo Hauulizi Kabila

Kwala, Kibaha
16 Septemba 2025

Mpendwa dada Anifa,

Shikamoo. Habari za Masaki yetu ya Kisarawe? Mikorosho imetoa maua? Shemeji na watoto hawajambo? Miguu yako inayowaka moto jioni inaendeleaje? Huku tunaamka na kwenda kazini, alhamdulillah, ila mimi nimetoka kulazwa siku nane. Ndiyo maana naandika. Kwenye simu nisingeweza kuyamaliza.

Unaijua kliniki yangu ya kisukari. Mwezi wa nne walikuja watu wa utafiti, wakamuuliza kila mgonjwa kabila lake na la babu na bibi zake. Nikasema Mzaramo pande zote nne. Muuguzi Adventina akatueleza kwamba katika nchi nyingine imeonekana wagonjwa wa kisukari wenye asili ya Kihindi hupata maradhi ya moyo zaidi kuliko wenye asili ya Kiafrika, na kwamba sisi hutuandama zaidi presha na kiharusi. Aliendelea kusema mengi. Mimi niliishia hapo, nikatoka nimefurahi kama mtu aliyeshinda kesi. Vidonge nilivyopewa vya kupunguza mafuta kwenye damu nikaviacha. Nilipokuja Idd Kubwa nikawatangazia nyote uani kwamba moyo si ugonjwa wetu.

Mwezi uliopita, nikifunga turubai la lori hapa bandari kavu, kifua kilinibana, taya ikauma, jasho la baridi likanitoka. Nilimwambia Fabian, mwenzangu wa kazi, kuwa ni gesi ya mihogo. Yule Mhaya hakunisikiliza. Alinipakia kwenye gari la kwanza lililokuwa likitoka, akanishikilia begani hadi hospitali. Daktari alisema mshipa wa moyo uliziba, na ningechelewa kidogo ningezikwa.

Adventina alikuja kunitazama wodini. Nikamlaumu kwamba alituambia Waafrika tuko salama. Hakukasirika.

“Nilisema wachache zaidi, Khalfani, sikusema hakuna,” alinijibu. “Na utafiti ule wa nchi nyingine haukuwa umekupima wewe.”

Nikageukia ukutani.

Sasa dada, lililonifanya nishike kalamu. Ile Idd ulinivuta pembeni ukanieleza kuwa unakosa pumzi ukipanda kutoka shambani. Ukanipa barua ya rufaa uliyoandikiwa zahanati, nije nikuulizie hospitali ya huku siku ya kupimwa moyo. Baada ya wiki nikakupigia, nikasema wamesema huna haja ya kuja. Hawakusema. Sikuwaonyesha hata bahasha. Niliona nakupunguzia usumbufu. Una sukari, ni Mzaramo kama mimi, basi. Ukanishukuru, ukaniombea dua. Nilipolala pale na nyaya kifuani, dua hiyo ndiyo iliyoniuma kuliko kifua chenyewe.

Jana nimeipeleka mwenyewe ile barua ya rufaa. Wamekupa Alhamisi ya wiki ijayo, saa tatu asubuhi. Mwinyijuma anayekuletea barua hii atakufuata na gari siku moja kabla, Jumatano, ulale kwangu. Njoo hata kama umekasirika. Utanisema ukishapimwa, nami nitakaa nisikilize. Lakini kifua kikikubana kabla ya siku hiyo, usimngoje Mwinyijuma wala usiningoje mimi. Nenda hospitali Kisarawe saa hiyo hiyo, na yeyote akikuambia Wazaramo hawaugui moyo, hata akiwa ndugu yako, usimsikilize.

Nisalimie shemeji, uwabusu watoto. Wa huku wote wanakuamkia.

Mdogo wako anayekuomba radhi,
Khalfani