Shangazi Pilipili Aomba Radhi

4 Machi

Mwanangu mpendwa,

Hujambo huko kambini? Mgongo umepoa? Mimi sijambo, ila kifua na baridi ya studio.

Leo redio wamenikalisha kutwa nzima nisome maneno matupu: majina ya miezi, kucheka, kununa, kulia. Nikamuuliza fundi mitambo, haya ya nini? Akasema wanahifadhi sauti yangu ya Shangazi Pilipili, ya mchezo wetu wa Jumatano. Nilijiona mtu. Kuna karatasi ya kutia sahihi, ndefu, macho yangu yamechoka nayo. Wasemaje?

Mama yako

19 Machi

Shikamoo Mama,

Mimi mzima, mgongo umetulia, barabara inasogea. Simu hazishiki huku, ila redio ya mpishi inashika, na kila Jumatano kambi nzima hunyamaza kumsikiliza Shangazi Pilipili. Nikisema huyo ni mama yangu, wananiambia nimepigwa jua. Hiyo karatasi tia sahihi tu, Mama. Ni heshima.

Mwanao

2 Juni

Mwanangu,

Habari za siku nyingi? Afya yangu nzuri, moyo ndio mzito.

Tangu Aprili sijaitwa studio, na Shangazi Pilipili bado anasema. Ni mashine. Wameilisha sauti yangu, wanaiandikia maneno, nayo inatamka. Jumatano iliyopita nilijisikia nikimwambia mkwe wangu wa mchezoni, "Nisamehe, mwanangu."

Shangazi Pilipili huyo! Waandishi walipomwandikia neno hilo nilikuwa nalifuta. Yule akikosea huingia jikoni kwa aliyemkosea, akaosha vyombo kwa kelele. Masufuria yakigongana, msikilizaji anajua ameshaomba radhi. Nilimjenga hivyo mwenyewe.

Nilikwenda redioni. Msimamizi akanipa kiti, chai, na nakala ya karatasi. "Mama, si ulitia sahihi?" Nikamwomba angalau lile neno walitoe. Akasema wasikilizaji wamelipenda kuliko yote.

Mama yako

3 Juni

Shikamoo Mama,

Hali yangu njema. Naandika mbiombio, gari la mizigo linaondoka.

Mama, Jumatano umetumaliza. Uliposema "nisamehe", sauti ikakatika katikati, mpishi alisahau maharage yakaungua. Mimi nilitoka nje nikalia. Sasa wenzangu wameamini kuwa ni mama yangu.

Nikwambie ukweli: nilisikia kama unaniambia mimi. Unakumbuka ulivyokosa mahafali yangu kwa sababu ya kurekodi? Ulirudi ukafua nguo zangu zote, hata safi, hukusema kitu. Nimelingoja neno lile miaka yote, Mama. Nimelipata. Yameisha.

Mwanao

20 Juni

Mwanangu,

U mzima? Mimi nipo.

Barua zetu zimepishana njiani. Sasa umeshasoma yangu, unajua aliyekuliza si mimi.

Nimekaa na kalamu siku kadhaa, nataka nikuandikie neno hilo kwa mkono wangu. Nikiliandika, nalisikia kwa sauti ya ile mashine, ikikatika pale pale ilipokatika redioni. Inalisema vizuri kuliko nitakavyoweza. Nimechana karatasi nyingi. Sijui nikupe nini, mwanangu, nguo zako ziko mbali.

Majirani wameniomba Jumatano nikae nao tusikilize pamoja. Nitakwenda. Nisipokwenda watasema naringa.

Mama yako