Jumamosi Niliyoichagua Mimi

Obed, omosani, rafiki yangu,

Tumepangwa tena na Kenyenya. Tumemaliza ligi kwa pointi sawa kama mwaka juzi, kwa hiyo ni mchujo: mmoja apande daraja, mwingine abaki. Utachezwa Jumapili. Nakuandikia kwa sababu jina lako limerudi midomoni mwa watu, na si kwa wema.

Mimi bado niko huku Taita kwenye mkonge. Miiba imenila mikono. Saa sita tukipumzika nafungua simu nisome kundi la mashabiki, na wiki nzima ni mabishano. Wetu wanasema Kenyenya wamezeeka, mshambuliaji wao sasa ana kitambi cha mwenyekiti. Wa Kenyenya nao wamo humo humo, wanauliza kama tumepata kipa aliyepewa ruhusa na mchungaji wake. Hapo nilicheka, Obed. Nakuambia ukweli, nilicheka. Kisha mtu wetu akaandika: "Afadhali safari hii hatuna Pasta."

Pasta ni wewe. Walikuita hivyo tangu Jumamosi ile uliyokataa kudaka kwa sababu ya Sabato. Tulimweka winga golini, tukafungwa mbili, na kwaya yenu tuliisikia kutoka kanisani pale juu ya uwanja. Baada ya hapo, nilivyosikia huku, ukipita stejini, watu wa bodaboda walifumba macho na kuinamisha vichwa kama wanaosali. Hukuwajibu. Mimi tu ndiye uliyeniambia kwa simu, "Evans, niliwaambia mapema. Siku nyingine yoyote mngenikuta golini."

Ni kweli ulituambia. Na mimi ndiye niliyekuwa katibu wa timu, kwa sababu ya darasa langu la saba na mwandiko wa kusomeka. Wakubwa wa ligi walinipigia wakaniuliza: Jumamosi au Jumapili? Nikasema Jumamosi. Jumapili asubuhi nilikuwa nasafiri kuja kuanza kazi hii, na nilitaka kuiona mechi. Ni hilo tu. Nilijiambia ukiona uwanja umejaa utashuka. Lakini tumechuma chai pamoja tangu utotoni, nakujua. Nilijua hutashuka, na bado nikasema Jumamosi.

Uliponiuliza kwa simu ni nani aliyechagua siku ile, nikasema ni wakubwa. Ukasema, "Basi, si neno." Ukaanza kuniuliza habari za huku, kama ninakula vizuri.

Kisha kile kifua chako cha kukohoa kikakumaliza. Sikuja kukuzika. Nimesikia kaburi lako lilichimbwa na wanakwaya, na jeneza wakalibeba wao. Kwetu hiyo ni kazi ya marafiki, Obed. Ilikuwa kazi yetu sisi tuliocheza nawe miaka tisa. Wachezaji walikuja wawili tu, wakasimama nyuma kwenye migomba.

Juzi niliandika kwenye kundi: "Jumamosi ile niliichagua mimi. Obed hakuwa na kosa." Nahodha ndiye aliyejibu kwanza: "Ukatuacha tumtukane mpaka akafa?" Wengine wakasema tuyaache hayo, tuna mechi. Shabiki mmoja wa Kenyenya, mtu nisiyemjua, akaandika pole kwa mama wa marehemu. Wetu hakuna aliyeandika hivyo. Kufika jioni walikuwa wamenitoa.

Nikampigia mama yako nimweleze kabla hajaambiwa na watu. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza neno moja: "Yeye alijua?" Nikasema hapana, mama, nilimdanganya. Akakata simu.

Nilitaka kukuomba msamaha humu ndani. Nimeacha. Wewe huwezi kujibu, na mimi nitajijibu nipendavyo.

Mechi sitaitazama. Mwezi ujao mkataba wangu hapa unaisha. Nikishuka garini pale steji yetu ya Birongo nitapanda kwenu kwanza, kabla ya kwetu. Mama yako asiponifungulia nitakaa uani, akinifukuza nitarudi kesho yake. Akitaka niyaseme mbele ya kanisa lenu, nitasema, na pale stejini pia, kwa wale waliokuwa wanakuinamishia vichwa.

Lala, rafiki yangu. Mwenye kosa yu hai, na anakuja nyumbani.

Evans