Maboksi Niliyoyachoma, Mama

Mama,

Ni mimi, mama Wakio. Katika ile miaka miwili tuliyokaa nyumba moja hapa Voi sikuwahi kukuandikia hata meseji. Ukienda kwako Rukanga, salamu zangu zilipitia kwa mwanao. Ukirudi, tuliongea habari za chumvi na za maji ya mfereji, basi. Leo nina maneno mengi kuliko hayo. Wakio na baba yake wametoka kanisani wakapitiliza sokoni, nami nimechukua daftari la Wakio lililobakiza kurasa.

Kwanza za nyumbani, kwa kuwa najua ungeanza kuniuliza hizo. Pojo ulizoziacha shambani shemeji alizivuna. Mvua ilikatika mapema kwa hivyo hazikuwa nyingi, lakini za kula zimepatikana na za mbegu zimewekwa. Yule mbuzi wako mweupe amezaa. Ndovu waliingia tena kwa jirani, kwako hawakufika. Udongo wa kaburi lako umeshuka kidogo, na mwanao anasema tutalijengea kabla ya Krismasi. Chumba chako cha hapa Voi hatujampa mtu. Wakio halali humo, ila kila asubuhi anaingia kukitandika kitanda ambacho hakijalaliwa, na mimi simkatazi.

Sasa lile lililonikalisha hapa. Mama, tuyaongee yale maboksi.

Ulikuja kukaa nasi Wakio akiwa na miaka mitatu, wakati msichana wa kazi alipoondoka bila kuaga na mimi siku nzima niko duka la dawa. Ulikuja na mkoba mmoja na kile kisu chako kidogo cha mboga. Wiki haikuisha, nikaanza kukuona ukirudi kutoka madukani na maboksi kichwani, ya biskuti, ya sabuni, ya mafuta ya kupikia. Nilidhani ni ya kuwashia jiko. Kumbe ulikuwa na kiwanda. Gundi yako ilikuwa unga wa ngano uliopikwa mpaka ukanata. Magurudumu yalikuwa vizibo vya soda, na kamba ya kuvutia ilikuwa katani uliyoisokota mwenyewe juu ya paja. Ulimtengenezea lori, ukamtengenezea nyumba, ukamtengenezea na treni ya mizigo kama ile inayopita hapa, yenye mabehewa kumi na moja, kwa sababu hapo ndipo hesabu zake zilikuwa zimefika.

Siku moja nilikukuta unapangusa boksi kwa kitambaa kibichi, unabandua ile karatasi ya juu polepole hadi mbavu za ndani zikatokea, na papo hapo nyumba ikapata paa la mabati. Nikasimama. Ukaniona nimesimama. Nikajifanya natafuta sufuria.

Ndovu tu ndiye uliyemkataa. Wakio alikuomba akachoka. "Huyo simtengenezi," ulimwambia. "Ale mahindi yangu, halafu mimi tena nimpe miguu?"

Ikafika zamu yangu ya kuwapokea wenzangu wa chama chetu cha akiba. Nilikuwa nimefagia, nimetandika vitambaa, lakini lori lilikuwa kwenye kochi na treni imepita katikati ya sebule. Mmoja wao akaliinua lori kwa vidole viwili. "Kwani mnahama?" akauliza. Wakacheka wote. Na mimi nikacheka. Wewe ulikuwa pale pale, unamimina chai.

Kesho yake nilikuwa ofu, siendi kazini. Ulipompeleka Wakio chekechea na kupitia sokoni, nilikusanya kila kitu, lori, nyumba, yale mabehewa, nikaenda nayo nyuma ya nyumba, nikawasha kiberiti. Yaliwaka upesi kuliko nilivyofikiri. Uliporudi ulisimama ukalitazama jivu, na mimi nikajiandaa kwa maneno. Nilikuwa nayo yangu tayari, nilikuwa nimeyapanga tangu asubuhi. Ukasema, "Vizibo visikae hapo, vitamkata mtoto mguu." Ukainama, ukaviokota kimoja kimoja, ukavifunga kwenye ncha ya leso uliyojifunga kiunoni.

Hukusema lingine, siku hiyo wala baadaye. Wakio alilia siku mbili. Jumamosi nikamnunulia gari jekundu la plastiki. Lilipiga king'ora wiki moja, betri zikaisha. Wewe hukuleta boksi tena nyumbani, nami nikaona hilo jambo limekwisha.

Mwaka ukapita. Ukaenda Rukanga kuvuna, presha ikapanda, ukaangukia uani kwako. Mwanao aliponipigia nilikuwa namhesabia mteja vidonge. Nilivihesabu mara tatu na kila mara vikaja tofauti.

Baada ya mazishi, Mama Zuhura, rafiki yako wa nyumba ya pili, alijitolea kukaa na Wakio mchana akitoka shule. Jioni nilikuwa nasimama langoni naita, naye anatoka mbio na begi lake. Basi siku moja stima zilipotea, hakuna umeme mtaa mzima, tukafunga duka mapema. Nikaita langoni, kimya. Nikapiga hodi, kimya. Nikaingia hadi chumba cha nyuma.

Mama, ulikuwa umejenga mji. Umejaa mkeka mzima. Kuna stesheni, kuna treni, kuna kanisa na msikiti vimepakana ukuta, kuna mlima Kasigau uliopakwa majani ya kijani. Kuna duka lenye alama ya msalaba, na ndani yake amesimama mwanamke wa boksi amevaa koti jeupe. Kwenye mfuko wa koti umemchorea kalamu. Mimi ndiye ninayeweka kalamu hapo.

Wakio aliponiona hakukimbia kuja kwangu. Alivuta leso ya Mama Zuhura, akaufunika mji wote, akakaa mbele yake. "Si zangu," akasema. "Ni za Mama Zuhura." Alinitazama machoni, mtoto wa miaka mitano, akanidanganya vizuri kabisa. Ningemkasirikia, lakini nilijua nani alimfundisha kuogopa.

Mama Zuhura alitoka kuswali akanikuta nimesimama vile vile. Akanivutia kiti. "Niwie radhi, mwanangu. Marehemu aliniomba nafasi, nami nafasi ninayo. Hatukukusudia kukuchezea shere." Nikamuuliza ulisema nini juu yangu. Nilitaka aniambie ulinisema vibaya, ingekuwa nafuu. Akasema, "Alisema, mke wa mwanangu hana ubaya. Ana jambo lake na maboksi. Silijui, na mtu mzima hachokonolewi."

Basi nikwambie hilo jambo, kwa kuwa wewe hukuchokonoa.

Nilikulia chumba kimoja cha kupanga, watu sita. Kabati hatukuwa nalo. Nguo zangu zilikaa kwenye boksi la sabuni chini ya kitanda, na kila likilowa mama yangu alikwenda kuomba jingine dukani. Mvua ikinyesha maji yalikuwa yanapita chini ya mlango. Nikiwa darasa la tatu niliingiza mkono asubuhi nitoe sare, nikagusa vitoto vya panya, vyekundu, havina manyoya, vimelala juu ya sweta yangu. Nilikung'uta sweta nikaivaa, maana nyingine sikuwa nayo. Shuleni msichana niliyekaa naye dawati moja alininusa begani. "Wewe unanuka duka," akasema, na jina likawa hilo, Duka, hadi darasa la nane. Mshahara wangu wa kwanza ulinunua kabati. Kitanda kilikuja baadaye, nilikuwa nalala chini na kabati limesimama.

Mwanao hajui. Kuhusu maboksi nimemwambia mkojo wa panya ndio unaonitisha, kwa sababu ya magonjwa.

Kwa hivyo mwenzangu alipouliza kama tunahama, sikulisikia lori lako likichekwa. Nilisikia lile jina. Hiyo si sababu ya kuchoma kazi ya mkono wa mtu. Nakueleza tu ilivyokuwa. Ungeniuliza siku ile, ningekujibu kwa ukali. Labda ulijua.

Nilimwambia Wakio jioni ile ile, tukiwa tumekaa kwenye ngazi ya Mama Zuhura. Nikamwambia mimi ndiye niliyechoma, si ajali kama nilivyomwambia, na kwamba nilikosea, anisamehe. Nilitarajia alie. Akauliza, "Utachoma tena?"

"Sitachoma."

Akafikiri. "Basi lete boksi."

Duka la dawa, Mama! Kila jioni nilikuwa natupa maboksi masafi, magumu, ya kila ukubwa, na wewe ukihangaika juani kuomba ya biskuti. Nimeanza kuyabeba. Siku ya kwanza nilipita sokoni na maboksi matatu kichwani nikahisi mji mzima unaninusa. Hakuna aliyegeuka.

Wakio ndiye mwalimu wangu, na ni mkali. Lori langu la kwanza magurudumu yalikataa kuzunguka kwa sababu nilivibana mno vijiti vya kuyashikilia. La pili lilifunguka likiwa njiani. "Usikimbize gundi," aliniambia, kwa sauti yako, na mkono kiunoni. "Nyanya alisema gundi inakauka ikitaka yenyewe." Nimejifunza kubandua karatasi nisitoboe mbavu. Mstari ulionyooka bado unanishinda, kisu chako kinavuta upande wa kushoto, au ni mimi.

Utatusamehe, tumetengeneza ndovu. Alitokea kama ng'ombe aliyemeza bomba. Wakio alimchunguza pande zote, kisha akamweka mbali na nyumba za mji, nyuma ya mlima, na kati yao akachomeka vijiti vya kiberiti viwe ua. "Asiingie kwa Nyanya," akasema.

Lakini usidhani nilisamehewa siku moja. Nilimwambia mji uhamie nyumbani, sebuleni, popote apendapo. Akakataa. Mji ukabaki kwa Mama Zuhura karibu mwezi mzima. Kisha nikaona behewa moja chini ya kitanda cha Wakio, ndani kabisa, ukutani. Sikuligusa. Nilifagia nikalizunguka. Wiki iliyofuata yakawa mawili. Alikuwa ananipima, na sikumlaumu. Ijumaa iliyopita alikuja amekumbatia stesheni, Mama Zuhura nyuma yake amebeba kanisa na msikiti, wakaviweka juu ya meza ya sebule bila kuniomba ruhusa.

Halafu jana. Nilikuwa naanika nguo. Nikasikia kitu kimepasuka jikoni, kisha kimya. Kile kimya ninakijua, Mama, nilikaa nacho utoto wangu wote, unasikiliza hatua za mtu mzima huku unatafuta pa kuficha vipande. Sikwenda. Nilishika shuka mbichi nikangoja. Wakio akatoka mlangoni, akavuka ua mzima peke yake, akasimama mbele yangu na sikio la kikombe mkononi.

"Mama, nimevunja kikombe chako. Kile cha maua."

Sikukumbuka hata ni kipi. Nilikaa chini pale pale, shuka mapajani, nikamwambia asante kwa kuniambia. Yeye akaniuliza kwa nini ninalia, kwani vikombe vingine viko.

Naahidi neno moja, Mama, na ninaweza kulitimiza kwa sababu si kubwa: mtoto huyu asiwe na jambo la kwenda kulificha kwa jirani kwa ajili yangu. Na mwanao nitamweleza habari ya panya. Leo, wakirudi.

Nawasikia langoni. Kwaheri, Mama. Pumzika Rukanga.

Mkaza mwanao,
Mama Wakio