Makofi ya Bisibo na Mahindi ya Wote

Wifi yangu Skola,

Mnaendeleaje hapo Ngara, wewe na watoto? Mimi huku Bisibo kwa mjomba nimeshiba mahindi ya kuchoma na vituko.

Jana ngoma ya mkutano ililia, kijiji kizima tukaenda. Bwana Nyama, yule afisa wa wanyamapori, alikuja kutuambia kwamba vita vimekwisha, sasa tulilinde pori na wanyama waliobaki. "Pori hili ni letu sote!" alisema. Tukanyoosha mikono kuunga mkono, na mjomba akanyoosha yote miwili. Tulipiga makofi mpaka viganja vikawaka moto.

Kurudi, tukakuta nyani wa pori hilohilo wamelimaliza shamba la mahindi la ujamaa. Walikuwa wamekula pamoja bila kubaguana, wajamaa kuliko sisi. Walinzi wa zamu walikuwa mkutanini, wanapiga makofi.

Nikamwuliza mjomba, "Na shamba lako?"

"Langu halijaguswa," akajibu bila hata aibu. "Mama watoto nilimwacha kule na debe la kuwafukuzia."

Kumbe kila nyumba iliacha mtu na debe! Shamba la mjomba zima, la jirani zima, la wote ndilo limebaki mabua matupu.

Nakuja na mahindi ya mjomba, uwachemshie watoto. Na mkisali jioni, liombeeni pori, maana nalo ni letu sote.

Wifi yako akupendaye,
Vene