Masomo Mawili Niliyoyarudia

Abu Hamour, Doha

Kaka Idrisa,

Shikamoo. Joto la huku limetuandama mpaka ukuta wa chumba unachoma, lakini mimi ni mzima. Wifi na watoto hawajambo? Mama ameniambia mguu wako unapata nafuu, nimeshukuru Mungu. Ila moyoni nina hasira, kaka, na leo sitaificha.

Unakumbuka nilivyofeli Uchumi na Takwimu nikisoma stashahada. Kwenye harusi ya mdogo wetu Mwajuma ulinicheka mbele za watu, eti narudia darasa kama mtoto. Nimekuja huku, nasimama mapokezi ya hoteli kule kisiwa cha Pearl kutwa nzima, nikirudi najisomea kitandani wenzangu wakiongea na simu. Nimeyarudia yote mawili kwa elimu ya masafa, nimepata A na B. Nikaomba kusomea sheria chuo kimoja huko nyumbani.

Wakanikataa. Siku yangu ya mapumziko nikawapigia. Akapokea bwana wa udahili.

"Wastani wako haufiki, dada. Tumejumlisha alama za kwanza na za marudio."

"Kanuni yenu inasema hivyo?"

"Ndiyo utaratibu wetu."

"Kanuni yenu ninayo hapa. Inasema inayohesabiwa ni alama ya marudio. Nikusomee?"

Akaniambia nisubiri. Nikasubiri mpaka Rose, Mkenya ninayekaa naye chumba kimoja, akasema, "Kata, huyo anakuzungusha." Sikukata. Kitivo kizima cha sheria, na kanuni yao wenyewe hawajaisoma!

Juzi wamekiri kwamba walikosea hesabu. Wastani wangu unafika. Lakini kamati inataka maelezo ya kwa nini nilifeli mara ya kwanza, yenye saini ya ndugu anayejua. Hapo hasira ikahamia kwako.

Nilifeli kwa sababu wiki ya mitihani nilikuwa wodini na Mama, nalala sakafuni kando ya kitanda chake. Nilikupigia uje unipokee siku mbili tu. Ukasema, "Kuuguza ni kazi yenu wanawake. Mitihani ipo kila mwaka." Sikumwambia mtu, hata Mama hakujua kwamba ni wiki ya mitihani. Mama akadhani sina akili, na wewe ukamwacha adhani hivyo miaka yote hii!

Jana nimemwambia. Akasema, "Kumbe ulifeli kwa ajili yangu. Ilete hiyo karatasi, nitaweka dole gumba."

Nimemtumia Mwajuma kwa simu, ameshaichapisha steshenari na Mama ameweka dole. Maneno yako yamo, sikuyaongezea chumvi.

Nisalimie Wifi, na Shangazi Halima, ambaye peke yake alikuwa akituletea uji wodini. Watoto wabusu kwa niaba yangu. Wewe ndiye uliyenifundisha kusoma, kaka, sijasahau, na ndiyo maana inaniuma hivi.

Karatasi iko kwa Mama mpaka Ijumaa. Chini ya dole lake nimeacha mstari mmoja mtupu wa saini. Ni wako.

Mdogo wako,
Zuhura