Kuchagua Msumeno wa Mzee

Jumatatu, 3 Juni

Msumeno wa injini umekufa leo saa nne asubuhi, ukiwa katikati ya gogo. Mlio ulipanda, ukawa mwembamba, ukakatika. Kisha kimya. Mzee, mume wangu, aliivuta kamba ya kuwashia mara saba. Ulikataa. Akaketi juu ya gogo, akaupakata msumeno kama mtoto mwenye homa.

Sasa ni saa kumi na ukungu haujaondoka. Mkaratusi ulioangushwa na upepo wiki iliyopita umelala uani kwa urefu wake wote, majani bado mabichi, na nyumba nzima inanukia dawa ya kifua. Nilisinzia mchana, nikaota kwamba mti umesimama tena na kwamba sisi wawili ndio tuliolala.

Kuni zilizobaki ni za siku kumi, tukibana. Na baridi ndiyo kwanza inaingia.

Jumanne, 4 Juni

Tumeupeleka kwa fundi. Ameufungua, amemulika kwa tochi, amefuta mikono. Injini imenoki, amesema, haitengenezeki. Mzee alipotoka nje kutazama mashine nyingine, fundi akaniinamia.

“Mama, hii imekunywa petroli tupu. Oili haikuwemo hata tone.”

Haiwezekani! nikamjibu. Ameinua mabega tu.

Msumeno wa namna hii hunywa petroli iliyochanganywa na oili, na kuchanganya hufanyika kwenye dumu. Kwa miaka thelathini tumefanya kwa namna ile ile. Yeye humimina chini ya dirisha la jiko. Mimi, bila kuinua macho kwenye sufuria, huuliza: “Oili?” Naye hujibu: “Imo!” Basi. Jana niliuliza. Alijibu. Nikaendelea kukoroga.

Tuliporudi nimekwenda moja kwa moja kwenye rafu. Kopo la oili lipo. Jipya. Halijafunguliwa.

Si mara ya kwanza – naandika hapa kwa kuwa hapa hapasomwi na mtu. Mwezi uliopita funguo tulizikuta ndani ya ndoo ya maji. Wiki iliyofuata alimwita jirani kwa jina la kaka yake mwenyewe, ambaye alifariki zamani. Binti yetu hajui lolote. Akijua, baba yake hatagusa tena hata kisu cha vitunguu.

Jumatano, 5 Juni

Binti amepiga simu. Kuni zinauzwa zikiwa zimekwisha pasuliwa, amesema. Baba ahangaike kwa nini? “Mama, ana miaka sabini na minne!” Nimemwambia ninajua, nimeihesabu yote mwenyewe. Amecheka. Lakini amesema Jumapili ya wiki ijayo anakuja, auone huo mti kwa macho yake.

“Anasemaje?” Mzee aliuliza kutoka barazani.

“Anakusalimu.”

Uongo mfupi, lakini uongo.

Alifanya kazi ya kukata magogo kwenye kiwanda cha mbao mpaka alipostaafu. Akiwa na msumeno mkononi hasahau kitu. Miguu yake inajua pa kusimama, bega lake linajua gogo litabingirikia wapi. Nimemchunguza kwa siri mwezi mzima, kama nilivyowachunguza wanafunzi kwenye chumba cha mtihani, na pale kwenye gogo sijamkamata na kosa hata moja. Ni huko kwingine kote anakopotea. Nikimwondolea gogo, atakaa wapi?

Nitamtafutia msumeno. Mzuri, wa kutegemewa. Nimekwisha amua.

Ijumaa, 7 Juni

Duka la zana. Dirisha kubwa lenye vumbi, jua la asubuhi limeingia kwa mshazari, misumeno imening'inia ukutani safu mbili, yote imetazama upande mmoja. Harufu ya grisi na maboksi mapya. Ningeweza kulala pale nimesimama.

Muuzaji ni mwanamke mwenye sauti nzito na kalamu sikioni. Mzee ameuendea moja kwa moja ule mkubwa wa petroli, wenye upanga wa inchi kumi na nane – upanga ndilo lile bapa la chuma linalozungukwa na mnyororo.

“Mzee wangu, huo ni wa kuangusha msitu. Una msitu?”

“Nina mkaratusi.”

“Mmoja?”

“Mmoja, lakini mkaidi!”

Wamecheka wote wawili. Mimi nimetoa karatasi yangu ya maswali. Kwa kuni za nyumbani, amenieleza, inchi kumi na nne zinatosha kabisa. Upanga mrefu huchosha mikono, na mikono iliyochoka ndiyo inayojikata. Nimeuliza breki: ile kinga ya mbele, ikisukumwa na kiganja, je, mnyororo unasimama hapo hapo? Ameuwasha, ameisukuma. Umesimama kabla sijapepesa. Nimeuliza uzito, nikaunyanyua mwenyewe. Nimeuliza vipuri. Amesema, “Mama, wewe ulikuwa polisi?” Mwalimu, nikamwambia. “Ni yale yale.”

Kisha ametuonyesha wa betri. Hauna petroli, hauna kuchanganya, hauna kamba. Unatiwa oili ya mnyororo tu, na hiyo ikiisha unaona kwenye kidirisha.

“Huo ni mswaki, Mwalimu,” Mzee ameniambia. “Nikienda nao uani, gogo lenyewe ndilo litakalonicheka.”

Muuzaji ameichomoa betri, akaiweka kiganjani mwangu. Nzito kuliko nilivyodhani, kama mkate uliotoka sasa hivi jikoni. “Ukishaitoa hii, msumeno umelala. Hakuna wa kuuamsha.”

Nimeishika muda mrefu mno. Ilibidi Mzee aniguse kiwiko.

Jumamosi, 8 Juni

Nimeilinganisha kwa haki. Mdogo wa petroli: vipuri vyake viko kila mahali, fundi wetu angeufungua akiwa amefumba macho, na hufanya kazi kutwa. Wa betri: dakika arobaini, kisha unangoja saa nzima na zaidi ukichaji, na umeme ukikatika, mnakaa mkitazamana na gogo. Kwa masharti yangu mwenyewe, niliyoyaandika kwa mkono wangu mwenyewe, wa petroli umeshinda.

Nimenunua wa betri.

Nimemwambia Mzee ni kwa sababu ya masikio yangu. Kelele siziwezi tena. Amenitazama kidogo. “Masikio yako yanasikia kijiko kikianguka kwa jirani,” amesema. Lakini ameubeba mpaka nyumbani, chini ya kwapa, akipiga mluzi.

Jumanne, 11 Juni

Siku nzuri! Sijui niandike nini zaidi.

Amekata tangu saa tatu. Msumeno hauungurumi, unavuma, na akiondoa kidole ndege wanasikika tena. Unga wa mbao ulimwagika polepole mbele ya magoti yake, wa manjano mepesi, ukapanda na upepo, ukatua kwenye nywele zake na kwenye kanga yangu. Nilikuwa nimeketi dirishani na maharage ya kuchambua. Sikuchambua. Alikuwa na miaka thelathini, kisha sabini na minne, kisha thelathini tena, kadiri jua lilivyoingia na kutoka mawinguni. Kila akihama gogo alisukuma breki. Ncha ya upanga, ambayo ikigusa kitu huweza kuurusha msumeno usoni, hakuigusisha popote hata mara moja. Nilihesabu.

“Haya,” ameniita, “mswaki unasugua!”

Vipande arobaini na viwili, urefu mmoja. Alipokwenda kunawa nimeichomoa betri, nikaichaji, na ilipojaa nikaitia ndani ya kikapu changu cha kufumia, chini ya nyuzi. Tahadhari tu. Niliona afadhali akate nikiwepo.

Alhamisi, 13 Juni

Nilikuwa bafuni. Alitoka peke yake, akabonyeza, akabonyeza tena. Akaja kunigongea mlango: “Na huu nao umekufa!”

Betri iko kwenye chaji, nikamjibu kupitia mlangoni.

Nilipotoka alikuwa amesimama mbele ya chaja ukutani. Tupu. Nikaenda jikoni kuinjika chai.

Wakati wa chai ndipo alipozungumza, akitazama nje.

“Kumbe ulichagua huu kwa sababu moyo wake unachomoka.”

Kunywa chai, nikamwambia.

“Ile siku ya oili. Uliniuliza, nikakujibu. Halafu nikasimama na dumu mkononi, sijui kama nimetia au bado. Nilitaka kukuambia.” Akazungusha kikombe. “Ningekuambia nini, Mwalimu? Wewe ulikuwa umesharidhika.”

Chai yangu ilipoa. Ukungu ulikuwa umefika mpaka kwenye ngazi, mti hauonekani, uani hapaonekani. Ulipoondoka nikavikusanya vikombe.

Jumapili, 16 Juni

Binti amefika saa nne. Amezisifu kuni: zimepangwa vizuri ukutani, nani amekata? Mimi, baba yake amesema. Peke yako? Peke yangu. Binti akanigeukia. Nikamwongezea chai.

Ameuliza mambo mengine, moja moja, kwa sauti ya upole ambayo hakuipata kwangu. Baba analala vizuri? Anakula? Jirani kamwambia habari ya jina. Nimemjibu kwamba watu wote hukosea majina. Kisha nimefungua daftari hili, kama nifanyavyo kila siku baada ya chai, ili nisitazamwe usoni.

Mzee ameingia sasa hivi. Amevaa glavu na miwani ya kazi, msumeno mkono wa kushoto. Amesimama mbele ya meza, amenyoosha mkono wa kulia.

“Mwalimu, nipe.”

“Akupe nini, Baba?”

Ameniachia mimi nijibu. Betri iko mapajani mwangu, chini ya daftari, bado ina joto la chaja.

Nimewaambia wanisubiri nimalize sentensi. Binti ameweka kikombe chini. Hamuulizi tena baba yake, ananiuliza mimi: “Mama, umeshika nini hapo?” Mzee hajauteremsha mkono. Hautetemeki hata kidogo. Na sentensi hii naona ninairefusha,